Maisha ya Bwana Hore na Bibi Hore, Walioipita Nchi ya Ugogo pamoja na Mtoto Wao

Msafiri atokaye pwani siku hizi kwenda Dodoma hana taabu kubwa. Reli ya kwanza ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma penye Ziwa Tanganyika. Tena tangu mwaka 2024 iko reli mpya iendayo kwa nguvu ya umeme, nayo humfikisha mtu Dodoma kwa saa chache tu. Lakini zamani nchi ile yote ilipitwa kwa miguu, na njia yake ilikuwa na makaburi mengi. Wasomaji wapenzi, sikilizeni basi habari za watu wa nyumba moja, mume na mke na mtoto wao mdogo, walioipita njia hiyo mwaka 1884.

Bwana Edward Coode Hore alizaliwa Uingereza mwaka 1848. Kazi yake ilikuwa ya bahari, naye alijifunza ubaharia hata akawa nahodha. Hakuwa mtu wa vyuo vikubwa. Alikuwa mtu wa kupima maji, kutazama nyota, na kusubiri upepo. Walakini Mungu humtumia kila mtu kwa ufundi wake, na siku ilikuja ambapo ufundi wa baharia ulitakiwa katika nchi ya bara, mbali sana na bahari.

Asili ya jambo hili ni hivi. Livingstone alipokuwa amekwisha kufa, mwaka 1873, watu wengi wa Ulaya waliona uchungu kwa ajili ya biashara ya watumwa aliyowaeleza. Katika mji wa Leeds alikuwako tajiri mmoja, jina lake Robert Arthington, aliyeishi kwa kujinyima kama maskini ili mali yake ipate kuisaidia Injili. Mwaka 1876 alikiahidi Chama cha Misheni cha London pauni 5,000, wakitaka kuanza kazi kwenye Ziwa Tanganyika. Chama kikakubali. Kikamtuma Bwana Roger Price aipime njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa kwa ng'ombe, maana walitumaini kwamba magari ya ng'ombe yangeweza kuchukua mizigo badala ya mabega ya watu.

Mwaka 1877 wamisionari wakafika pwani, na Bwana Hore akiwa mmoja wao. Lakini matumaini ya magari yakavunjika upesi. Mbung'o wakawauma ng'ombe, mvua zikaigeuza njia kuwa matope, na ng'ombe wakafa wengi. Bwana Price akarudi Uingereza kuwaeleza wakubwa wa Chama. Waliobaki wakashika njia kama watu wote wa zamani, mizigo ikichukuliwa na wapagazi. Tarehe 23 Agosti 1878 Bwana Hore na mchungaji Thomson wakaingia Ujiji. Hata mwezi mmoja haukutimia, Thomson akafa. Mwenzao Dodgshun, aliyekuwa amechelewa njiani kwa shida nyingi, alifika Ujiji mwezi wa Machi mwaka 1879, akakaa siku chache tu, naye akafa. Na mwaka huo huo Daktari Mullens, aliyekuwa katibu wa Chama chenyewe, alitoka London ili awasaidie vijana wake, hakuliona Ziwa. Alifariki mwezi wa Julai kule Chakombe, akazikwa Mpwapwa.

Bwana Hore hakukimbia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupatana na watu. Ujiji ulikuwa mji wa wafanya biashara, na mkubwa wao alikuwa Mwinyi Kheri. Wakubwa wa mji hawakufurahi kumwona mgeni huyu, maana walijua Waingereza huuchukia utumwa. Bwana Hore hakushindana nao kwa silaha wala kwa maneno makali. Alikaa, akangoja, akawa jirani, akawatibu wagonjwa kadiri alivyoweza, hata watu wakamzoea. Kisha akapata mashua ya kienyeji, akaanza kulizunguka Ziwa na kuandika habari zake.

Katika safari hizo alilimaliza shauri moja lililokuwa limewashinda wasafiri wakubwa. Watu waliulizana kama Ziwa Tanganyika lina mto wa kutokea. Cameron mwaka 1874 aliuona mto Lukuga upande wa magharibi, lakini ulikuwa umezibwa na majani. Stanley alipofika mwaka 1876 hakuona maji yakitoka. Bwana Hore alifika hapo mwaka 1879, akakuta kizuizi kimevunjika na maji yanakwenda kwa nguvu kuelekea magharibi. Hivyo wote walikuwa wameona kweli, kila mmoja kwa wakati wake.

Baadaye alirudi Uingereza, na mwaka 1881 akamwoa Bibi Annie Boyle. Hapo ndipo lilipotokea swali gumu. Je, yafaa mtu kumchukua mkewe katika nchi ambayo wanaume wenye nguvu hufa kabla hawajaanza kazi?

Chama kilikuwa na sababu ya kuliogopa swali hili. Mwaka 1859 kilikuwa kimetuma watu wa nyumba mbili kwa Wamakololo kule Linyanti, karibu na mto Zambezi: Bwana Helmore na mkewe na watoto wao wanne, na huyo Bwana Price tuliyemtaja, pamoja na mke wake kijana. Katika mwaka 1860 Helmore akafa, na mkewe, na wawili wa watoto wao. Mtoto mchanga wa Price akafa pia, na mkewe akafa katika njia ya kurudi. Aliyesikia habari hizo hakuweza kusema kwamba njia ya bara ni matembezi.

Lakini Bibi Hore alikuwa na shauri lake mwenyewe. Aliona kwamba wanaume peke yao hawawezi kuwafundisha wanawake wa nchi ile, wala kuwaonyesha jinsi nyumba ya Kikristo ilivyo. Wapagazi na wenyeji walikuwa wamewaona Wazungu wapita njia, wenye bunduki na vitabu vya kuandikia. Nyumba ya Mzungu yenye mama na mtoto hawakuwa wameiona kando ya Ziwa. Basi akakubali kwenda.

Mwaka 1882 wakatoka Uingereza, na mtoto wao Jack alikuwa bado mchanga wa miezi michache. Pamoja nao walisafiri wamisionari wengine, na katika shehena yao kulikuwa na mashua ya chuma iliyokatwa vipande vipande, iliyoitwa Nyota ya Asubuhi. Vipande hivyo vilipandishwa juu ya magari madogo yaliyokokotwa na watu kutoka Saadani, kupita milima ya Usagara, nchi ya Ugogo na misitu ya Unyamwezi, hata vikafika Ujiji mwezi wa Februari 1883. Miezi mitatu baadaye mashua ikashushwa majini. Lakini katika safari hiyo Bibi Hore na mtoto hawakuweza kufika Ziwa. Ilibidi watengane na Bwana Hore, naye akaenda na mashua. Mama akarudi nyuma na mtoto wake mkononi, pasipo kujua kama mlango utafunguliwa tena.

Mwaka 1884 wakaungana tena. Mara hii walitaka kuingia kwa njia ya kusini, kwa mto Zambezi na Ziwa Nyasa, maana mashua za mtoni zingempunguzia mama taabu ya kutembea. Wakaenda mpaka Quelimane, lakini vita vilikuwa vimetokea kule, na njia ikafungwa. Ikawabidi kurudi Unguja. Hapo yalibaki mashauri mawili tu: mama na mtoto warudi Ulaya mara ya pili, au waipite njia ndefu ya nchi kavu, maili 800 hivi, kutoka Saadani mpaka Ujiji. Wakachagua njia ndefu.

Kwa kuwa Bibi Hore hangeweza kutembea mwendo wa wapagazi siku baada ya siku, alichukuliwa katika kiti. Kilikuwa kiti cha namna ile ambayo kwao Ulaya wagonjwa husukumwa juu ya magurudumu. Lakini katika vijia vyembamba vya Afrika magurudumu hayakufaa kitu, kikachukuliwa mabegani, watu wakipokezana. Baadaye alipoandika kitabu cha safari hiyo, kilichotolewa London mwaka 1886, kiti hicho kilitajwa katika jina la kitabu. Watu wengine walicheka jina hilo. Lakini mtu akifikiri vizuri atawakumbuka waliokichukua. Mpagazi wa siku zile alichukua mzigo wa ratili 60 hivi kichwani au begani, akatembea jua kali, akalala penye miiba, akala posho aliyopewa kwa kipimo. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na wengine watu wa pwani. Pasipo mabega yao hakuna Mzungu ambaye angaliweza kuliona Ziwa, wala Livingstone, wala Stanley, wala Hore.

Basi wakapanda milima ya Usagara, wakafika Mpwapwa, ambako Waingereza wa chama kingine walikuwa na misheni, na ambako Daktari Mullens alikuwa amelala kaburini. Mbele yao ilikuwa nyika ya Marenga Mkali, yaani maji makali. Jina hili lilitolewa kwa sababu maji yapatikanayo huko yana chumvi, tena ni haba. Msafara ulioivuka nyika hii ulifuata desturi ya telekeza: watu hupika na kunywa asubuhi, hujaza vibuyu, huondoka jua likiwa limepita utosi, hutembea mpaka usiku, hulala bila maji, na alfajiri huendelea mpaka wafike visimani. Wagonjwa na waliochoka ndio waliobaki nyuma, na aliyebaki nyuma mara nyingi hakuonekana tena. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili alipaswa kuyapima maji ya kibuyu kwa makini kuliko mfanya biashara apimavyo pembe za ndovu.

Ng'ambo ya nyika hiyo ilikuwa Ugogo yenyewe. Mji wa Dodoma haukuwako bado. Ulianzishwa na Wadachi mwaka 1907. Kulikuwa na tembe za Wagogo, nyumba ndefu zenye paa tambarare la udongo, mibuyu mikubwa, mashamba ya mtama na uwele, na makundi ya ng'ombe. Wasafiri wa zamani waliiogopa Ugogo kwa sababu ya hongo. Kila mtemi alitaka nguo na kaniki na shanga kabla ya kumruhusu mgeni kupita, na mashauri ya hongo yaliweza kuchukua siku nyingi, huku posho ikiliwa na nguo zikipungua. Doti moja ilikuwa mikono 8 ya nguo, na doti zilihesabiwa kwa makumi.

Wasafiri wengi waliandika kwa hasira kwamba Wagogo ni wanyang'anyi. Lakini na tuitazame habari hii kwa haki. Nchi ile ni kame. Mvua zake ni za miezi michache, na maji ya kiangazi hupatikana kwa kuchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Visima hivyo vilichimbwa na Wagogo kwa mikono yao, kwa ajili ya ng'ombe zao na watoto wao. Misafara mingine ilikuwa na watu mamia, mingine maelfu; nao wote walitaka maji, nafaka na kuni. Mwenye nyumba akipitiwa na wageni elfu moja watakaokausha kisima chake, je, asiwaulize wameleta nini? Bwana Hore alikuwa amelijua jambo hili tangu safari yake ya kwanza, wala hakuingia Ugogo kama mtu wa vita. Alilipa, akangoja, akasema na watu. Na ni rahisi kufahamu kwamba mama aliyekaa kitini na mtoto wake alikuwa ishara ya amani kuliko bendera yo yote, maana mtu aendaye vitani hamchukui mwanawe.

Baada ya Ugogo lilikuja pori la Mgunda Mkali, mwendo wa siku nyingi wenye misitu, maji machache na ruga-ruga. Katika pande zile mmisionari Penrose alikuwa ameuawa mwaka 1878 pamoja na watu wake wengi. Huko mbele, mwaka 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walikuwa wameuawa na watu wa Mirambo. Mirambo, mtemi wa Urambo, ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika Unyamwezi. Kwa misheni ya London yeye alikuwa rafiki. Alimpokea Daktari Southon akae mjini mwake, na Southon aliishi huko mpaka alipofariki mwaka 1882 kwa jeraha la bunduki iliyolipuka kwa bahati mbaya. Lakini Mirambo mwenyewe alikufa mwezi wa Desemba 1884, katika miezi ile ile ambayo akina Hore walikuwa safarini. Kila aijuaye nchi ile ataona hatari yake: mtemi mkubwa akifa, njia alizozilinda huwa hazina mwenyewe.

Mungu akawavusha. Mwezi wa Januari 1885, baada ya siku 90 hivi za njiani, waliingia Ujiji. Bibi Hore akawa mwanamke wa kwanza kutoka Ulaya kufika Ziwa Tanganyika, na mtoto Jack alikuwa hai.

Hawakukaa Ujiji. Walivuka Ziwa mpaka kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi, upande wa Kongo, ambako misheni iliweka kituo chake. Huko Bibi Hore alianza kufanya lile lililomleta. Wanawake walikuja kumtazama mtoto, wakauliza maswali, wakazoea nyumba; naye akafungua shule ndogo ya wasichana. Palikuwa pahali pa kukaa palipozungukwa na huzuni, maana mashua za watumwa zilipita Ziwani siku zote, na watu wa kandokando walikuwa wakiuzana na kukimbiana. Wakati huo huo vipande vya meli ya pili, iliyoitwa Habari Njema, vilikuwa vikiletwa kwa njia ya Nyasa, na gamba la meli lilishushwa majini mwaka 1885. Fundi Roxburgh aliyeifanyia kazi akafa mwaka huo huo, na wengine wakaimaliza.

Miaka mitatu walikaa Kavala. Mwaka 1888 Bwana Hore na nyumba yake waliondoka Ziwani. Waliondoka kwa wakati: mwaka uliofuata, vita vya Abushiri vilipokuwa pwani, mwenzao Arthur Brooks, aliyekuwa akirudi kwao, aliuawa karibu na Saadani, akiwa karibu kabisa kuiona bahari.

Lakini huzuni haikuwaacha. Jack, mtoto aliyevuka Marenga Mkali na Mgunda Mkali, aliyekaa kisiwani kati ya homa na vita, alifariki Uingereza mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 7 tu. Wazazi waliomlinda maili 800 za pori walimzika katika nchi yenye matabibu na barabara. Hapa hatuna la kueleza. Mwanadamu huchagua njia, lakini hapewi kuziona siku zake.

Bwana Hore aliandika kitabu kikubwa juu ya miaka yake 11 ya kazi ya Tanganyika, kilichotolewa mwaka 1892. Baadaye yeye na mkewe walihamia Tasmania, kisiwa cha Australia, wakamalizia huko maisha yao.

Je, kazi yao ilizaa nini? Mtu akitaka kuhesabu kwa macho atasikitika. Kituo cha Kavala kiliachwa, na kazi ya Chama ikahamia pande za kusini za Ziwa. Urambo walikabidhiwa Wamoravian mwaka 1898. Magari ya ng'ombe yalishindwa, mashua zilioza, na wengi wa wale waliotumwa walilala makaburini katika miaka michache. Lakini Wamoravian waliopewa Urambo walikuta watu waliokwisha sikia Neno, na leo Kanisa liko Unyamwezi na kando ya Ziwa. Katika Ugogo, mahali ambapo msafara ulihesabu doti na vibuyu vya maji, wako Wakristo wa madhehebu mengi, na Walutheri ni miongoni mwao. Nao wahubiri wao ni watoto wa nchi yenyewe.

Walimu wetu wa vijijini wanaoipita nyika ile leo kwa miguu au kwa baisikeli, wakienda kufundisha mahali ambapo kisima ni kimoja na wenye kiu ni wengi, watazifahamu habari hizi kuliko sisi tuliokaa mjini. Wao pia wana wake na watoto, na swali la Bibi Hore huwafikia hata wao: je, niende peke yangu, au twende sote? Hakuna amri moja itoshayo kwa kila nyumba. Bwana Hore alikwenda kwanza peke yake, kisha akangoja, kisha wakaenda pamoja. Na katika kila hatua waliulizana, wala mmoja hakumlazimisha mwenzake. Tukiwakumbuka hawa, tuwakumbuke pia wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa, waliomchukua mama na mtoto mabegani kutoka bahari mpaka Ziwa. Mungu anayajua majina yao.